Hamburg kwa Miguu: Kumfuata Bibi Salme wa Unguja

Wahenga walisema mtembezi hula miguuye. Lakini ipo miji ambayo mtu asipoitembea kwa miguu hataijua, hata akikaa humo mwaka mzima akipanda magari. Mmojawapo ni Hamburg, mji mkubwa wa bandari ulioko kaskazini ya Ujerumani. Mji huu una wakazi zaidi ya milioni 1.8, una madaraja zaidi ya 2,000, na ijapokuwa bahari iko mbali nao zaidi ya kilomita 100, meli kubwa hupanda mto Elbe zikaja kutia nanga mlangoni pake.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: Hamburg ina nini na mimi? Jawabu ni kwamba ina mengi. Kabla Wajerumani hawajawa na koloni hata moja katika Afrika, merikebu za Hamburg zilikuwa zikionekana mara kwa mara katika bandari ya Unguja. Mwaka 1859 Hamburg, pamoja na miji wenzake Bremen na Lübeck, ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Majid. Siku hizo bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa ikipepea Lamu, Mombasa na katika bandari nyingine za Mwambao huu wetu. Na miaka minane baada ya mkataba ule, dada yake huyo Majid, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alishuka Hamburg akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani. Huyo ndiye Sayyida Salme, ambaye Wajerumani humwita Emily Ruete.

Basi na tuutembee mji huu pamoja. Hakuna haja ya kumlipa mtembezaji. Inatosha ramani moja, viatu vya kustahimili, na koti la mvua, maana mvua ya Hamburg haina msimu wala haina adabu ya kubisha hodi.

MNARA ULIOBAKI PEKE YAKE

Pazuri pa kuanzia ni Rathaus, yaani jumba la serikali ya mji, lililojengwa baina ya mwaka 1886 na 1897. Lina vyumba 647 na mnara wenye urefu wa mita 112, na lote limesimama juu ya maelfu ya magogo ya mwaloni yaliyopigwa ardhini, kwa kuwa chini hapana mwamba, ni tope tupu. Jumba lililotangulia liliteketea katika moto mkubwa wa Mei 1842, uliounguza sehemu kubwa ya mji wa zamani.

Ukitoka hapo ukielekea kusini, mwendo wa dakika chache tu, utauona mnara mweusi uliochongoka kama sindano. Huo ndio mnara wa kanisa la Mtakatifu Nikolai. Urefu wake ni mita 147, na baina ya mwaka 1874 na 1876 hapakuwa na jengo lililoushinda urefu duniani kote. Leo kanisa lenyewe halipo. Julai 1943, katika Vita Vikuu vya Pili, ndege za Waingereza na Wamarekani ziliushambulia mji huu kwa mabomu siku kadhaa usiku na mchana. Moto uliwaka hata ukageuka kuwa kimbunga, na watu zaidi ya 30,000 walikufa. Mnara ukabaki, na kuta chache zisizo na paa. Watu wa Hamburg hawakulijenga upya kanisa lile. Waliyaacha magofu yakae vivi hivi, ili kila apitaye akumbuke vita hufanya nini. Ipo lifti ya kumpandisha mtu mita 76 juu, na kutoka huko utaiona bandari yote.

NDOVU WAWILI UANI

Kutoka kwa mnara huo, vuka uelekee mashariki mpaka mtaa wa Große Reichenstraße. Hapo tafuta jengo liitwalo Afrikahaus, Nyumba ya Afrika, lililojengwa mwaka 1899 kwa ajili ya kampuni ya meli ya Woermann. Mlangoni imesimama sanamu ya shaba ya mpiganaji Mwafrika, na ukitazama ndani mwisho wa ua utaona ndovu wawili wamesimama kama mabawabu.

Simama hapa kidogo ufikiri. Ndovu hawa hawakuwekwa kwa pambo tu. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na wapagazi kutoka bara hata Unguja na Bagamoyo, nyingi zilifika Hamburg, zikakatwa zikawa vibao vya piano na mipira ya kuchezea biliadi. Pamoja nazo zilikuja ngozi, nazi kavu na karafuu.

Ama biashara iliyostaajabisha zaidi ilikuwa ya simbi, zile kauri ndogo za ufukoni ambazo watoto wetu huziokota kwa mchezo. Nyumba za biashara za Hamburg, mashuhuri miongoni mwao ikiwa ile ya O'Swald, zilizinunua kwa shehena pwani ya Afrika Mashariki, zikazizungusha kwa merikebu mpaka Afrika Magharibi, ambako simbi zilikuwa ndiyo fedha. Huko zikabadilishwa kwa mafuta ya mawese, na mafuta yakaletwa Ulaya. Mtu aliyeokota simbi ufukoni alilipwa kidogo sana. Faida ilijenga majumba Hamburg.

MAGODAUNI JUU YA MAJI

Ukiendelea kusini utavuka daraja na kuingia Speicherstadt, mji wa magodauni. Hapa, hata asiyependa majengo atasimama. Ni safu ndefu za maghala ya matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, zikiwa zimesimama kwenye kingo za mifereji kama nyumba za Lamu zilivyosimama kwenye vichochoro, tofauti ni kwamba hapa kichochoro ni maji. Juu ya kila ghala pana winchi ya kuvutia magunia. Mashua ilikuja upande wa maji na rukwama upande wa barabara.

Ujenzi ulianza mwaka 1883, na mwaka 1888 Kaizari Wilhelm wa Pili alikuja kuyafungua rasmi. Ili kupata nafasi, watu wapatao 20,000 walihamishwa na nyumba zao zikabomolewa. Bidhaa zilikaa humo bila kulipiwa ushuru mpaka mwenyewe azitoe: kahawa, chai, tumbaku, viungo, na mazulia ya Iran. Mwaka 2015 shirika la UNESCO liliyaandika magodauni haya katika orodha ya urithi wa dunia. Siku hizi mengi yamekuwa ofisi na majumba ya makumbusho, na mojawapo ni la viungo, ambapo Mswahili ataikuta karafuu, iliki na mdalasini vikielezwa kwa watalii kana kwamba ni johari.

Mwenye nguvu za miguu na aendelee magharibi kandokando ya mto, apite jumba la muziki la Elbphilharmonie lililofunguliwa mwaka 2017, lililojengwa juu ya ghala kuukuu na paa lake likipanda na kushuka kama mawimbi, mpaka afike gati za Landungsbrücken. Hapo ipo njia ya chini ya mto iliyofunguliwa mwaka 1911, yenye urefu wa mita 426, na mwenda kwa miguu hupita bure.

Gati hizo pia zina habari yetu. Huko ndiko watu hupanda meli kwenda kisiwa kidogo cha Helgoland, katika Bahari ya Kaskazini. Kisiwa hicho kilikuwa cha Waingereza. Kwa mkataba wa Julai 1890 Ujerumani ilipewa Helgoland, nayo ikaiachia Uingereza Witu, ikakubali pia himaya ya Kiingereza juu ya Unguja na Pemba. Watu wa Witu na Lamu hawakuulizwa, na wa Unguja pia hawakuulizwa. Atakayewaona watalii wakipanda meli na mikoba yao ya chakula na akumbuke kwamba mwamba ule waendao kuuogelea ulikuwa katika mizani moja na nchi zetu.

ADHUHURI MTAANI ST. GEORG

Kutoka gati, gari la moshi la mjini litakurudisha stesheni kuu kwa dakika chache. Nyuma ya stesheni ni mtaa wa St. Georg, na hapa mgeni Mwislamu hupumua. Barabara iitwayo Steindamm imejaa maduka na mikahawa ya Waturuki, Waafghani, Wairani na Waarabu. Nyama ni ya halali na mkate unatoka tanuruni.

Katika mtaa wa Böckmannstraße upo msikiti uitwao Centrum, wa jamaa wa Kituruki. Jengo lake zamani lilikuwa hamamu ya watu kwenda kuoga. Minara yake miwili ilipakwa rangi mwaka 2009 kwa mapambo ya kijani na nyeupe yenye pembe sita. Hapo mtu ataswali adhuhuri yake, kisha atafute chakula.

Mintarafu ya swala, msafiri na aangalie majira. Katika mwezi wa Juni jua la Hamburg huchwa karibu saa nne za usiku, na baina ya isha na alfajiri hapana usiku wa kutosha. Katika Disemba jua hilohilo huchwa yapata saa kumi za jioni, na adhuhuri na alasiri hukaribiana sana. Anayetaka kufanya matembezi haya yote kwa siku moja asiende wakati wa baridi.

KANDO YA ZIWA

Baada ya chakula, elekea kaskazini mpaka utokeze kando ya Alster. Huu ni mto uliozuiliwa zamani ukawa kama ziwa katikati ya mji. Maji yametulia, mashua za tanga zinapita, na mabata maji weupe wenye shingo ndefu wanaogelea. Kulizunguka ziwa kubwa lote ni mwendo wa kilomita saba na kitu. Sisi tutafuata ukingo wa mashariki, chini ya miti, mpaka mtaa wa Uhlenhorst, kwenye barabara iitwayo Schöne Aussicht. Maana yake ni Mandhari Nzuri, na jina halikusema uongo.

Kwenye barabara hii ndipo alipokaa Bibi Salme.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Wasichana wa siku zake walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini si kuandika. Yeye alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ndiyo iliyomtia matatani kwanza, kwani mwaka 1859, nduguye Barghash alipotaka kumpindua Majid, kijana Salme ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua zao. Njama ilishindwa, na tangu hapo akawa hana raha na nusu ya jamaa zake.

Kisha akapendana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Agosti 1866, akiwa mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alizaa mtoto wa kiume. Mei 1867 akabatizwa, akaolewa siku hiyohiyo, wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto yule akafa njiani. Hivyo ndivyo binti wa Sultani alivyoingia Hamburg: bila mtoto, bila jamaa, bila dini yake, na bila kujua neno la Kijerumani.

Watu walimtazama kama kiroja. Baridi ilimwingia mifupani. Aliyeweza kuzungumza naye ni mumewe tu, aliyekuwa amejifunza Kiswahili Unguja. Wakazaa watoto watatu, na miongoni mwao walikuwamo waliobeba pia majina ya kwao mama, kama Thawka na Said. Lakini Agosti 1870 Ruete alianguka aliposhuka kwenye tramu iliyovutwa na farasi, akafa kwa majeraha. Kitinda mimba wao alikuwa mchanga wa miezi tu. Mjane akabaki na watoto watatu katika nchi ya watu, na mambo ya mirathi yakamletea taabu. Mwaka 1872 aliihama Hamburg, akawa wa kuhamahama miji ya Ujerumani, akifundisha Kiarabu ili apate riziki.

Kinachoweza kumtikisa msomaji ni hiki. Katika barabara hiyohiyo ya Schöne Aussicht, tangu miaka ya 1960, unasimama msikiti mzuri wa rangi ya samawati wenye minara miwili, uliojengwa kwa juhudi za wafanyabiashara wa Kiirani na kuitwa Msikiti wa Imam Ali. Mahali ambapo Bibi Salme hakupata hata mtu mmoja wa kuswali naye, karne moja baadaye palijengwa nyumba ya swala. Julai 2024 serikali ya Ujerumani ilikipiga marufuku kituo kilichouendesha msikiti huo, ikikituhumu kueneza siasa za serikali ya Iran, na milango ikafungwa. Mpitaji na auangalie kutoka nje, rangi yake ikishindana na ya maji.

SANAMU ILIYOANGUSHWA

Endelea kulizunguka ziwa kwa upande wa kaskazini, vuka daraja la Krugkoppelbrücke, kisha rudi kusini kupitia bustani za ukingo wa magharibi mpaka karibu na stesheni ya Dammtor. Hapo lipo jengo la Chuo Kikuu lenye kuba, lililofunguliwa mwaka 1911.

Mwaka 1908 Hamburg ilianzisha Taasisi ya Kikoloni ya kuwafundisha Wajerumani waliokuwa wakienda kutawala Afrika. Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo, na profesa Carl Meinhof akaja mwaka 1909 kusimamia lugha za Kiafrika. Mwaka 1919 kikazaliwa Chuo Kikuu chenyewe. Mwanafunzi wake Meinhof, Ernst Dammann, alifika Lamu katika miaka ya 1930 akakusanya tenzi na mashairi, akisaidiwa sana na Muhammad Kijuma, bingwa wa khati na nakshi. Kwa hiyo elimu ya ushairi wetu ilihifadhiwa katika mji huu, lakini mlango iliopitia ulikuwa wa utawala.

Mbele ya jengo hili, tangu mwaka 1922, ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyetumwa kuuzima upinzani wa watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Sanamu ilisimamishwa kwanza Dar es Salaam mwaka 1909, na baada ya Wajerumani kushindwa vitani ikahamishwa mpaka huku. Wissmann alikuwa juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa unyenyekevu. Wanafunzi wa chuo walichukizwa nayo. Mwaka 1967 waliifunga kamba wakaiangusha, ikarudishwa, na mwaka 1968 wakaiangusha tena. Haikusimama tena hapo. Vijana wa Kijerumani walifanya kwa kamba jambo ambalo wajukuu wa Abushiri hawakuwa na nafasi ya kulifanya.

MFUKO WA MCHANGA

Siku ya pili, chukua gari la moshi mpaka Ohlsdorf. Makaburi ya hapa yalifunguliwa mwaka 1877, nayo yana eneo la hekta 389, ukubwa wa mji mdogo, na mabasi hupita ndani yake. Ni bustani yenye miti, mabwawa na ndege, na Waislamu wana sehemu yao. Katika kiwanja cha jamaa wa Ruete ndiko alikolazwa Bibi Salme.

Alifariki mjini Jena, Februari 1924, akiwa na umri wa karibu miaka 80. Kabla ya hapo alikuwa amerudi Unguja mara mbili. Mwaka 1885 alifika na manowari za Kijerumani, kwa kuwa Bismarck alimtumia kama kisingizio cha kumtisha Barghash, na nduguye huyo, ambaye zamani alimwandikia barua za njama, alikataa hata kumwona. Mwaka 1888 akaja tena, na hakufua dafu. Akaenda kukaa Yafa na Beirut kwa miaka mingi, karibu na sauti ya adhana, mpaka mwaka 1914. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka mwaka 1886, hakifichi kwamba dini mpya haikumkaa moyoni kama ile aliyolelewa nayo. Yaliyokuwa moyoni mwake wakati wa kufa, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Alipokufa, katika vitu vyake walikuta mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja. Alikuwa ameutunza katika kuhama kwake kote. Wakamzika nao.

Lakini tusimwonee huruma hata tukasahau mizani. Bibi huyu alikuwa na mashamba na watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa wa kwetu kuwa si mbaya kama Wazungu walivyosema. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa Uhlenhorst ulipewa jina lake. Mwaka uliofuata, watu walipoyasoma maneno yake, halmashauri ya wilaya ikaamua kuliondoa. Wapo waliosema ameonewa, na wapo waliosema imekuwa haki. Sisi wa pwani, ambao katika ukoo mmoja huenda mna bwana na mtumwa, hatuwezi kulitazama jambo hili kama la Wajerumani peke yao. Mama yake mwenyewe alinunuliwa.

Tuna methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wengi kwetu walimpiga nayo Bibi Salme, na alama ya kupigiwa ipo. Lakini mtu aliyeacha asili yake kabisa habebi mchanga wa kwao miaka nenda miaka rudi. Manahodha wetu wana neno jingine: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yeye chomboni hakurudi. Ngama yake ilikuwa mfuko mmoja mdogo, nao unalala Ohlsdorf, chini ya miti isiyojua harufu ya karafuu. Mswahili atakayefika huko na asimame kidogo, kisha arudi stesheni kabla mvua haijaanza.